Sumu Ndani ya Mkondo: Usafishaji wa Damu kwa Wagonjwa wa Sepsisi Baada ya Upasuaji wa Moyo

Sepsisi ni hali inayotokea pale ambapo mwili, ukiwa katika kupambana na maambukizi, unaanza kuviumiza viungo vyake wenyewe, na kwa sababu hiyo madaktari hawaihesabu kuwa ugonjwa wa kimelea fulani bali tokeo la mapambano yaliyovuka mpaka. Katika fasili inayotumika leo, iliyochapishwa mwaka 2016, kipimo cha msingi si homa wala wingi wa bakteria ndani ya damu, bali kushindwa kwa viungo: mapafu, figo, ini, ubongo, mzunguko wa damu na uwezo wa damu kuganda, kila kimoja kikipewa alama kwa kadiri kilivyodhoofika. Fasili hiyo iliondoa daraja la “sepsisi kali” lililokuwa limezoeleka, kwa hoja kwamba sepsisi yoyote ni kali, na ikabakiza daraja moja tu juu yake, yaani mshtuko wa sepsisi, ambapo shinikizo la damu halisimami bila dawa za kubana mishipa na asidi ya laktiki hubaki juu hata baada ya mgonjwa kupewa maji ya kutosha mishipani. Zaidi ya asilimia 40 ya wanaofikia daraja hilo hufariki wakiwa hospitalini. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika mwaka 2017 pekee dunia ilikuwa na wagonjwa wa sepsisi wapatao milioni 48.9 na vifo milioni 11 vilivyohusishwa nayo, na mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa moyo huifikia hatari hii kwa njia ambazo wagonjwa wengine hawana. Tangu John Gibbon alipofanikiwa kutumia mashine ya moyo na mapafu mjini Philadelphia tarehe 6 Mei 1953, upasuaji mwingi wa ndani ya moyo umewezekana kwa kuitoa damu nje ya mwili, kuipitisha katika mipira ya plastiki na kifaa cha kuitia oksijeni, kisha kuirudisha mwilini huku moyo ukiwa umesimamishwa. Damu haikuumbwa iguse plastiki. Inapoigusa, protini za kinga huamka, chembe nyeupe hujiandaa kwa vita, na mgonjwa hupata kiasi fulani cha uvimbe wa ndani hata kama hakuna kimelea hata kimoja kilichomwingia. Wakati huohuo utumbo hupungukiwa na damu, ukuta wake hulegea, na mabaki ya bakteria wanaoishi humo kwa amani huvuja na kuingia katika mkondo. Baada ya hapo huja siku za chumba cha wagonjwa mahututi, ambako mpira wa kupumulia umepita kooni, mwingine umo katika mshipa mkubwa wa shingoni, mwingine katika kibofu, mingine inatoa majimaji kifuani, na mfupa wa kidari umefungwa kwa nyaya za chuma. Kila kimoja cha vitu hivi ni mlango. Maambukizi ya mapafu ndiyo yanayotokea mara nyingi, lakini yanayoogopwa zaidi na wapasuaji ni yale ya nyuma ya kidari, kwa kuwa huhitaji kifua kifunguliwe upya kwa mtu ambaye tayari hana nguvu.

Ugumu wa kwanza katika hali hii ni wa utambuzi, na mara nyingi hauzungumzwi vya kutosha. Homa, ongezeko la chembe nyeupe na kushuka kwa shinikizo la damu katika siku za mwanzo vinaweza kuletwa na maambukizi, lakini pia vinaweza kuletwa na ile mashine yenyewe, au na moyo ambao haujarudia nguvu zake baada ya kusimamishwa. Daktari hutazama picha moja yenye maelezo matatu, na tiba ya maelezo mojawapo inaweza kuwa na madhara kwa mengine: maji mengi yanayomfaa mgonjwa wa sepsisi huweza kuuzamisha moyo dhaifu. Akisubiri majibu ya maabara ili awe na hakika, saa zinapita, na katika mshtuko wa sepsisi kila saa ya kuchelewesha antibiotiki hupunguza nafasi ya mgonjwa kuishi.

Msingi wa wazo la kuisafisha damu uliwekwa mjini Berlin mwaka 1892, wakati Richard Pfeiffer, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Robert Koch, alipoona kwamba bakteria wa kipindupindu waliouawa kwa joto bado waliweza kuwaua wanyama wa maabara. Alihitimisha kuwa sumu ilikuwa sehemu ya mwili wa bakteria mwenyewe, akaiita endotoksini, yaani sumu ya ndani. Baadaye ilifahamika kuwa sumu hiyo ni mchanganyiko wa mafuta na sukari unaofunika ukuta wa nje wa kundi kubwa la bakteria, wakiwemo wengi wanaoishi utumboni, na kwamba haiui kwa kuchoma seli moja kwa moja. Inachofanya ni kupiga mbiu. Seli za kinga zikiigusa hata kwa kiasi kidogo mno, humwaga saitokaini, ambazo ni protini ndogo za kupashana habari kati ya seli; saitokaini huilegeza mishipa, huifanya ivuje, huamsha kuganda kwa damu katika vishipa vyembamba, na huziita seli nyingine zije kumwaga saitokaini zaidi. Maadui wa kuondolewa katika damu, kwa mtazamo huu, ni wawili: sumu inayoanzisha kelele, na kelele zenyewe.

Ufundi wa kuosha damu ulikuwapo kabla ya mtu yeyote kufikiria kuutumia kwa ajili ya sepsisi. Willem Kolff aliunda figo bandia katika mji wa Kampen nchini Uholanzi mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, akitumia karatasi laini za selofani zilizokuwa zikitumika kufungia soseji, na mwaka 1945 akapata mgonjwa wake wa kwanza aliyeokoka. Mwaka 1977 Peter Kramer wa Göttingen alieleza uchujaji usiokatizwa, ambao humsafisha mgonjwa polepole mchana na usiku, na hivyo humfaa mtu ambaye shinikizo lake la damu lisingehimili dialisisi ya saa chache. Mbinu hizi mbili hutegemea ukubwa wa chembe: utando wenye vitundu hupitisha maji, chumvi na taka ndogo kama urea, na huzuia protini kubwa na seli. Saitokaini nyingi ni kubwa mno kupita kwa wepesi katika vitundu vya kawaida, na endotoksini hujikusanya katika mafungu makubwa zaidi. Njia moja ya kukwepa kikwazo hicho ilikuwa kuongeza kasi ya uchujaji. Jaribio lililoitwa IVOIRE, lililofanywa Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi kwa wagonjwa 140 na kuchapishwa mwaka 2013, lililinganisha mililita 70 kwa kila kilo ya uzito kwa saa na mililita 35, yaani mara mbili ya kiwango cha kulinganishia; vifo baada ya siku 28 vilikuwa asilimia 37.9 na 40.8, tofauti ambayo haikuwa na maana ya kitakwimu. Tangu hapo njia ya kuongeza kasi imeachwa na wengi, tena bila majuto makubwa, kwa sababu kasi hiyo ilikuwa pia ikimwaga dawa na virutubisho vya mgonjwa pamoja na sumu.

Njia ya pili ni unasaji. Hapa damu haichujwi kwa ukubwa wa chembe, bali hupitishwa katika katriji iliyojaa nyuzi au punje ambazo sumu hunata juu yake, kisha damu hurudi mwilini ikiwa imeacha nyuma kile kilichonata. Mfano uliochunguzwa zaidi ulitoka Japani. Polimiksini B ni antibiotiki iliyogunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo huishika endotoksini kwa nguvu, lakini ikitiwa mshipani kwa wingi huumiza figo na neva. Watafiti wa Japani waliyakwepa madhara hayo kwa kuifunga dawa katika nyuzi za polistireni, ili damu iifuate dawa nje ya mwili na dawa isiingie mwilini. Katriji iliyotokana na kazi hiyo, Toraymyxin ya kampuni ya Toray, iliidhinishwa nchini Japani mwaka 1994. Kwa kawaida damu hupitishwa humo kwa kasi ya takriban mililita 100 kwa dakika kwa muda wa saa mbili, na tiba hurudiwa mara moja ndani ya saa 24.

Kwa miaka mingi Wajapani waliitumia tiba hii kwa imani iliyotokana na waliyoyaona vitandani: baada ya saa mbili shinikizo la damu hupanda, na dozi ya dawa za kubana mishipa huweza kupunguzwa. Mwaka 2009 imani hiyo ilipata takwimu. Jaribio la EUPHAS, lililofanywa katika vyumba 10 vya wagonjwa mahututi nchini Italia, liliwahusisha wagonjwa 64 wenye sepsisi iliyotokana na maambukizi ya tumboni, na vifo baada ya siku 28 vilikuwa asilimia 32 kwa waliopata katriji na asilimia 53 kwa waliopata matibabu ya kawaida. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Uamuzi huo unaeleweka kwa upande wa ubinadamu, lakini kwa upande wa elimu uligharimu sana, kwani jaribio dogo linalokatizwa katika kilele cha matumaini mara nyingi huikuza faida kupita ukweli, na baada ya hapo hakuna namna ya kujua kilele kile kilikuwa mlima au wimbi.

Majibu yalikuja kwa awamu mbili. Jaribio la Ufaransa lililoitwa ABDOMIX, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 243 waliopasuliwa kwa sababu ya utumbo kutoboka, lilipata vifo asilimia 27.7 kwa waliotibiwa kwa katriji na asilimia 19.5 kwa wengine. Tofauti hiyo haikutosha kusema kuwa katriji iliua, lakini haikuacha nafasi ya kusema kuwa iliokoa. Kisha likaja EUPHRATES la Marekani na Kanada, lililochapishwa mwaka 2018, ambalo kwa uangalifu wa maandalizi linastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa tiba. Waliochaguliwa walikuwa 450, wote wakiwa na mshtuko wa sepsisi na kiwango kikubwa cha endotoksini kilichothibitishwa kwa kipimo cha damu, na kundi linganishi lilifanyiwa igizo la tiba, ili wanaomhudumia mgonjwa wasijue nani alipata katriji ya kweli. Vifo vilikuwa asilimia 37.7 kwa waliopata tiba na asilimia 34.5 kwa waliopata igizo.

Wakati majaribio hayo yakiendelea, wapasuaji wa moyo walikuwa na sababu yao ya kutokata tamaa. Kwa kuwa utumbo wa mgonjwa wao huvujisha endotoksini katika saa zinazojulikana, na kwa kuwa mgonjwa huyo yuko chini ya uangalizi tangu dakika ya kwanza, ilionekana kwamba kama kuna mahali ambapo tiba hii ingeweza kuanza mapema, basi ni hapo. Kituo cha Bakulev mjini Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1956 na mpasuaji Aleksandr Bakulev, ni miongoni mwa mahali ambapo jambo hili lilifanyiwa kazi kwa muda mrefu: madaktari wake waliripoti matumizi ya katriji za kunasa endotoksini kwa wagonjwa waliopata sepsisi baada ya upasuaji mgumu wa moyo, wakaeleza kupanda kwa shinikizo la damu, kuimarika kwa oksijeni na kushuka kwa viashiria vya uvimbe. Ripoti za namna hiyo zina thamani yake, kwa maana zinaonyesha kwamba tiba inawezekana kwa mtu mwenye moyo dhaifu na haimwangushi papo hapo. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, na shinikizo lililopanda leo si uhai wa mwezi ujao.

Katriji nyingine, CytoSorb ya kampuni ya CytoSorbents ya Marekani, iliruhusiwa kuuzwa Ulaya mwaka 2011 na ikaenea haraka katika hospitali za moyo, hasa Ujerumani. Ndani yake mna punje za polima zenye matundu mengi, ambazo hazichagui sumu moja bali hunasa protini za ukubwa wa kati, saitokaini zikiwemo, na urahisi wake mkubwa ni kwamba huweza kuunganishwa moja kwa moja katika mashine ya moyo na mapafu wakati upasuaji ukiendelea. Jaribio la REMOVE, lililofanywa katika vituo 14 vya upasuaji wa moyo nchini Ujerumani chini ya uongozi wa madaktari wa mji wa Jena, lilichukua kundi ambalo lingepaswa kufaidika kuliko wote: watu wanaopasuliwa kwa sababu vali za moyo wao zimeshambuliwa na bakteria, ambao kisu chenyewe huweza kutawanya vimelea na sumu katika damu. Wagonjwa 288 waligawanywa kwa nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baadhi ya saitokaini zilipungua kweli kwa waliounganishwa na katriji, ila kushindwa kwa viungo kulikuwa kwa kiwango kilekile katika makundi yote mawili, na vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 21 na 22.

REMOVE linafundisha kuliko majaribio yaliyotangulia kwa sababu lilionyesha mambo mawili kwa pamoja: mashine ilifanya kazi iliyotengenezewa, na kazi hiyo haikumsaidia mgonjwa. Maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba damu ni njia ya saitokaini tu, si makao yake. Zinazalishwa ndani ya nyama za mwili, zinafanya uharibifu wao humohumo, na kile kinachopimwa katika damu ni kilichofurika. Kuzipunguza katika mkondo huku jipu la nyuma ya kidari likiendelea kuzizalisha ni sawa na kufua maji chomboni bila kutia kalafati. Claudio Ronco wa Vicenza, ambaye alitetea tiba hizi kwa miongo kadhaa, alijenga hoja kwamba haitakiwi kuondoa kila kitu bali kukata vilele vya saitokaini, ili mwili upate nafasi ya kurudia mizani yake. Ni hoja yenye akili, lakini inadai mganga ajue kilele kiko saa ngapi, na kwa mgonjwa halisi vilele vya saitokaini mbalimbali havifiki kwa wakati mmoja.

Yapo pia madhara ya wazi zaidi. Katriji isiyochagua hunasa pamoja na saitokaini za uharibifu zile zinazouzima moto, na hunasa antibiotiki kadhaa, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kubaki na dawa pungufu katika saa ambazo dawa ndiyo tegemeo lake. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hupungua, na jambo hilo si dogo kwa mtu ambaye kifua chake kilifunguliwa jana. Mfano wa kutisha zaidi ulitoka Freiburg wakati wa janga la Uviko-19, ambapo wagonjwa 34 wenye mapafu yaliyoshindwa kabisa, waliokuwa wakiishi kwa mashine ya kutia damu oksijeni nje ya mwili, waligawanywa kwa nasibu: baada ya siku 30 walikuwa hai asilimia 76 ya wasiowekewa katriji ya kunasa saitokaini, na asilimia 18 tu ya waliowekewa. Jaribio lilikuwa dogo na ugonjwa ulikuwa tofauti, kwa hiyo namba hizo hazipaswi kuhamishwa zilivyo; hata hivyo, zinatosha kumnyima mtu yeyote haki ya kusema kwamba kujaribu hakudhuru.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulielewa jambo hili, ingawa katriji zenyewe ni ghali na uchujaji usiokatizwa ni huduma adimu katika hospitali zake. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, lilifanywa kwa watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali kama Kilifi, Mulago na Teule ya Muheza, kwa watoto wenye homa kali ambao damu yao haikuwa ikizunguka ipasavyo. Kuwamiminia maji ya haraka mishipani kulikuwa kanuni iliyokubalika ulimwenguni, na kwa macho ya aliyesimama kitandani kulionekana kufaa, kwani mzunguko wa damu ulitengemaa mapema. Lakini baada ya saa 48 walikuwa wamefariki takriban asilimia 10.6 ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Watoto wa FEAST na wagonjwa wa moyo wa Jena wako mbali sana kwa umri, kwa ugonjwa na kwa utajiri wa hospitali zao, ila kosa lililofichuliwa ni la jamii moja: kiashiria kilitengemaa, mgonjwa hakutengemaa.

Miongozo ya kimataifa ya tiba ya sepsisi iliyotolewa mwaka 2021 ilipendekeza polimiksini B isitumike kwa unasaji, huku ikikiri kuwa pendekezo hilo ni dhaifu na ushahidi wake ni wa daraja la chini, na kuhusu mbinu nyingine za kusafisha damu ilisema ushahidi hautoshi kupendekeza lolote. Utafiti haukukoma. Uchambuzi wa baadaye wa EUPHRATES ulidokeza kwamba faida inaweza kuwapo kwa wagonjwa ambao kipimo cha endotoksini kilikuwa kati ya 0.6 na 0.9, si chini ya hapo ambapo sumu ni kidogo, wala si juu ambapo katriji huzidiwa, na ndipo likaandaliwa jaribio la Tigris nchini Marekani kwa wagonjwa 150 waliochaguliwa ndani ya ukanda huo. Kuchambua matokeo baada ya kuyaona na kutafuta kundi lililofaidika ni zoezi linalojulikana kwa udanganyifu wake, lakini hapa kuna jambo la kuwatetea watafiti: ukanda huo una sababu ya kibiolojia inayoeleweka, na badala ya kuutangaza kama ushindi waliuwekea mtihani mpya.

Katika wodi ya wagonjwa mahututi ya leo, uamuzi hufanyika kwa mpangilio ambao katriji si ya kwanza wala ya pili. Damu huchukuliwa kwa ajili ya kuotesha vimelea, antibiotiki huanzishwa bila kungoja majibu, mpira unaoshukiwa hutolewa, picha ya kifua huchukuliwa, na kama kuna usaha nyuma ya kidari, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji hata kama ni usiku wa manane. Figo zikisimama, kama zinavyofanya mara nyingi katika hali hii, mashine ya uchujaji huletwa kwa sababu nyingine kabisa, isiyobishaniwa, yaani kuondoa maji, potasiamu na asidi ambavyo vingemuua mgonjwa kabla ya sepsisi yenyewe kufanya hivyo. Ni katika mfumo huo, ambao tayari umeunganishwa na mshipa na pampu tayari inazunguka, ndipo mtaalamu anapoulizwa kama katriji ya unasaji iongezwe. Na akikubali, hulazimika kukaa na mfamasia wakapange upya dozi za antibiotiki, na kuweka mapema saa ambayo katriji itaondolewa iwapo dawa za kubana mishipa zitakuwa hazijapungua.